Kabla hamjamzoea mtu aliyeua

Mhariri,

Makala za mahojiano na watu waliofungwa kwa kosa la kuua husomwa sana, na hatuna ugomvi nazo. Barua yetu inamhusu yule anayekaa upande wa pili wa meza: mwandishi wa habari, mchungaji, imamu, msaidizi wa kisheria, mwanafunzi wa ushauri nasaha, au dada aliyeanza kwa barua moja ya kumfariji mfungwa asiyetembelewa na ndugu. Huyo akifika gerezani hupekuliwa mfuko, simu huachwa langoni, jina na namba ya kitambulisho huandikwa daftarini. Akitoka anaweza kupekuliwa tena. Kichwa chake hakuna anayekipekua, wakati wa kuingia wala wa kutoka.

Kwetu Afrika Mashariki mazoea haya yana muda mrefu wa kukomaa. Kenya haijanyonga mtu tangu 1987 na Tanzania tangu 1994, ilhali mahakama ziliendelea kutoa hukumu ya kifo. Aliyehukumiwa kunyongwa huishi gerezani miaka kumi, ishirini na zaidi. Kenya, mwaka 2009, watu zaidi ya 4,000 walibadilishiwa hukumu ya kifo ikawa kifungo cha maisha. Mwaka 2016 wakafuata wengine 2,747. Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, ikaamua kwamba kumfunga jaji mikono atoe hukumu ya kifo katika kila kesi ya mauaji ni kinyume cha Katiba, na tangu hapo wengi wamerudishwa kortini wahukumiwe upya. Katika kikao cha namna hiyo, neno la mchungaji aliyemjua mfungwa kwa miaka minne lina uzito. Lina uzito pia mbele ya kamati inayomshauri Rais kuhusu msamaha. Kwa hiyo ukaribu huo una thamani hata kama hao wawili hawajawahi kuitaja, na mfungwa huijua mapema kuliko mgeni wake. Hatusemi kila mfungwa anapiga hesabu. Hesabu ipo mezani tu, na mmoja kati yao ana mchana na usiku mzima wa kuifikiria.

Watu hudhani dalili ya kwanza ya kuzama ni mapenzi. Kwa kawaida ni sarufi.

Msikilize mtu aliyeua akisimulia. Ni nadra aseme "nilimuua". Atasema "ile ajali", "lile tukio", "siku ya mkasa". Atasema "kisu kikamwingia", "akaangukia panga", "akanifia mikononi", "shetani alinipitia". Kiswahili kimejaliwa vitenzi vingi visivyomtaja mtendaji, na ndani ya chumba cha ushauri utavisikia vyote kwa saa moja. Si lazima awe anadanganya. Wapo ambao wakilitamka neno lenyewe hawawezi kuendelea na kikao. Tatizo ni la msikilizaji. Baada ya vikao vitano au sita, maneno hayo huhamia kwenye maandishi yake. Ripoti ya kwanza ilisema "alimuua mkewe kwa shoka". Ya tano inasema "tangu tukio lile amekuwa mtu wa sala". Jina la mke limepotea, likaja "marehemu", kisha hata marehemu akatoweka. Ukizisoma ripoti hizo kwa mfululizo unaona kabisa mahali mwandishi alipohama upande, naye mwenyewe hana habari.

Dawa yake ni ndogo na inaudhi, ndiyo maana watu huiacha. Juu ya kila ukurasa wa kumbukumbu za kikao andika sentensi moja kamili yenye mtendaji, kitenzi na mtendwa: fulani alimuua fulani, kwa kitu fulani, tarehe fulani. Jina la aliyekufa liandikwe kila mara. Siku mkono utakaposita kuiandika, au utakapoona sentensi hiyo ni ya kumwonea, mpigie msimamizi wako siku hiyohiyo, usingoje kikao kijacho.

Sentensi hiyo huwezi kuiandika kama hukuisoma hukumu. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na za Rufani zinapatikana bure mtandaoni, kwenye Kenya Law kwa upande wa Kenya na TanzLII kwa Tanzania. Soma kabla ya kumwona mfungwa, si baada. Tafuta mambo manne: majeraha yaliyotajwa na daktari aliyepasua maiti, idadi na mahali yalipokuwa, muda uliopita kati ya ugomvi na pigo, alichofanya baada ya kuua, kama alikimbia, alijisalimisha, alificha mwili au aliosha silaha, na maelezo ya kwanza aliyoyatoa polisi ukiyalinganisha na aliyoyatoa kizimbani. Sababu ya kusoma mapema ni namna akili inavyofanya kazi. Simulizi la kwanza hujifanya mwenyeji, na kila kinachokuja baadaye hupokelewa kama mgeni anayeshukiwa. Anayemsikiliza mfungwa kwa miezi mitatu ndipo afungue hukumu, hujikuta anabishana na daktari: pengine majeraha yalihesabiwa vibaya, pengine shahidi alihongwa. Inawezekana kweli alihongwa, watu hufungwa kwa kuonewa. Ila yeye hana tena uwezo wa kupima.

Wengi wa wanaofungwa kwa kuua si saikopathi, yaani watu wasio na huruma wala majuto, na neno hilo linatumiwa ovyo mno mitandaoni. Kipimo kinachojulikana zaidi, kilichotungwa na mwanasaikolojia Robert Hare wa Kanada, kina vipengele 20, kila kimoja alama 0 hadi 2, jumla 40. Amerika Kaskazini mstari wa kumhesabu mtu kuwa saikopathi huwekwa kwenye 30. Cha kwanza kabisa katika orodha ni haiba ya juujuu, ulimi mtamu. Mpimaji aliyefunzwa haruhusiwi kutegemea mazungumzo peke yake, ni lazima awe na jalada la mfungwa, kwa sababu kile kinachopimwa ndicho hichohicho kinachompendeza anayehoji. Kama mtaalamu mwenye kipimo mkononi anadai jalada, mtu wa kujitolea atasemaje kwamba anamjua mtu kwa kumtazama machoni?

Namna mtu anavyovutwa hatua kwa hatua inaonekana vizuri katika kisa cha gereza la Clinton, mji wa Dannemora, jimbo la New York, mwaka 2015. Joyce Mitchell alikuwa mfanyakazi wa kiraia, msimamizi katika karakana ya ushonaji. Kati ya wafungwa aliowazoea walikuwamo Richard Matt, aliyefungwa kwa kumuua mwajiri wake wa zamani, na David Sweat, aliyemuua naibu sherifu. Hakuna aliyemwomba msumeno siku ya kwanza. Yalianza mazungumzo ya kazini, vikafuata vitu vya kuoka alivyotoka navyo nyumbani, kisha vitu vidogo vingine ambavyo havikutakiwa kupita. Misumeno ilikuja baadaye sana. Bapa za msumeno zilifichwa ndani ya nyama ya kusaga iliyogandishwa, na aliyeifikisha nyama ndani ni askari jela ambaye alisema hakujua kilichomo. Askari huyo naye alikuwa na yake: kwa miaka alipokea picha za kuchora kutoka kwa Matt, na alikuwa akimfanyia hisani ndogondogo.

Wafungwa wakakata ukuta wa chuma nyuma ya seli zao, wakapita ndani ya bomba la mvuke, wakatokea kwenye shimo la barabarani usiku wa kuamkia Juni 6. Mitchell alitakiwa awasubiri na gari. Walikuwa wamezungumzia hata kumuua mumewe. Siku yenyewe hofu ikamzidi, akaishia hospitali. Matt alipigwa risasi akafa Juni 26, Sweat akakamatwa siku mbili baadaye. Mitchell alihukumiwa kifungo cha miaka miwili na miezi minne hadi miaka saba. Askari alifungwa miezi sita.

Ukiipanga safari hiyo huoni mahali ambapo mtu aliruka. Kila ombi lilikuwa kubwa kidogo tu kuliko lililotangulia, na kila lililokubaliwa liliifanya hapana ya kesho iwe ghali zaidi. Mpaka uko kwenye kitu cha kwanza kilichopita bila kuandikwa, hata kiwe biskuti. Kabla yake mfungwa anaomba. Baada yake hana haja ya kuomba kwa nguvu, kwa sababu wewe unaweza kufukuzwa kazi na yeye tayari amefungwa maisha.

Kwetu kitu hicho cha kwanza huwa salio la simu. Au laini. Au barua "ya mama tu, hapa wanachelewesha". Barua za wafungwa hupitia mikononi mwa maofisa na husomwa kabla ya kutoka, na si ukorofi: iliyotoka kwa mlango wa nyuma inaweza kumfikia shahidi, au familia ya marehemu yenye kesi ya shamba isiyokwisha. Na ile namba ya "shangazi" ya kutumia pesa huenda ni ya mtu mwingine kabisa, pengine mfungwa mwenzake anayemdai au anayemtisha. Pesa na mahitaji yapitie ofisi ya gereza na upewe stakabadhi. Mkufu wa shanga aliokutengenezea usiupokee. Kazi za mikono za wafungwa huuzwa na gereza lenyewe, kanunue huko. Atakasirika. Mwache akasirike, utajifunza mengi kwa kuangalia anavyokasirika.

Kuna wanaodhani elimu itawakinga. William F. Buckley alikuwa mmoja wa waandishi wenye akili kali nchini Marekani, mhafidhina asiye na huruma ya bure kwa wahalifu. Mwaka 1962 alisikia kwamba Edgar Smith, aliyekuwa akingoja kutekelezewa hukumu ya kifo New Jersey kwa kumuua msichana wa miaka 15 mwaka 1957, alipenda kusoma jarida lake. Wakaanza kuandikiana. Smith aliandika vizuri, kwa ucheshi. Buckley akaandika makala ya kumtetea, akasaidia kupatikana kwa fedha za mawakili, na Desemba 1971 Smith akaachiliwa baada ya kukubali kosa dogo zaidi mbele ya jaji. Punde akaenda kwenye televisheni na Buckley, akasema kukubali kule kulikuwa maigizo tu. Mwaka 1976, huko California, alimteka mwanamke na kumchoma kisu. Mwanamke alinusurika. Smith alipopiga simu ofisini kwa Buckley akiwa mafichoni, Buckley aliwaarifu FBI, na kwenye kesi hiyo Smith akakiri kwamba yule msichana wa 1957 alimuua yeye.

Buckley hakuwa mjinga wala hakuahidiwa kitu. Alinaswa na kile alichokithamini kuliko vyote, yaani nathari nzuri. Ndivyo inavyokuwa. Mchungaji hunaswa na toba, mwanasheria hunaswa na dosari katika ushahidi, mwalimu hunaswa na mwanafunzi aliyepata alama A akiwa nyuma ya nondo. Jiulize mapema ni kitu gani ambacho mtu akikuonyesha, wewe huacha kuuliza maswali. Kiandike, umpe msimamizi wako akilinde.

Kuhusu mapenzi tutasema machache, maana magazeti yameyasema mengi kwa kejeli. Anayempenda mfungwa si lazima awe mpumbavu. Anapata mwanamume anayesikiliza, anayejibu kila barua, anayekumbuka siku ya kuzaliwa, asiyelewa na asiyelala nje, na ambaye hawezi kumwinulia mkono. Kwa mwanamke aliyetoka kwenye ndoa ya kipigo hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini sifa hizo nyingi ni za ukuta, na zinaweza kuondoka siku ukuta utakapoondoka. Kama hamjawahi kugombana kuhusu pesa, watoto au ndugu, na hamjawahi kuwa pamoja bila askari kusikiliza, basi bado hujaonana naye.

Hatari ambayo haisemwi kabisa haihitaji mfungwa mwenye hila. Hutokana na kusikiliza tu. Mtu mwenye majuto ya kweli, anayesimulia kweli tupu, anaweza kukuumiza kuliko mwongo. Mwongozo wa uchunguzi wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la 2013, unakubali kwamba mtu anaweza kupata ugonjwa wa kiwewe kwa kukutana mara kwa mara, kikazi, na maelezo ya kutisha ya yaliyowapata wengine, bila yeye kuwapo. Dalili zake tunazijua: picha ya chumba ambacho hukuwahi kukiona inakujia ukiwa unapika; unashtuka mlango ukibamizwa; unaanza kukataza watoto kwenda dukani; unaangalia kila mpini wa jembe kama silaha; unaamka saa tisa usiku. Wengine hufa ganzi badala ya kuogopa, wakacheka mambo yasiyochekesha, na ganzi ni ngumu zaidi kuigundua kwa sababu inafanana na uzoefu wa kazi. Zikipita mwezi mmoja, huo si uchovu tena, nenda kwa mtaalamu. Sala isaidie, isizuie.

Hapa kiasi kina maana kuliko ujasiri. Kikao kisizidi saa moja. Wawili wa kesi za mauaji kwa siku wanatosha, na wasifuatane. Katikati weka kazi ya makaratasi, au tembea. Usiombe maelezo ya mwili wa marehemu usiyoyahitaji kwa kazi yako, udadisi ukikushika jua si wa mfungwa, ni wako. Andika kumbukumbu ndani ya saa moja baada ya kutoka, nusu ukurasa alichosema, robo ukurasa ulichohisi, na uziache ofisini, zisilale chumbani kwako. Onana na msimamizi kila wiki mbili hata kama huna la kusema. Wiki ambazo mtu anasema hana la kusema ndizo za kumkalisha muda mrefu.

Jambo linalovurugwa na karibu kila mtu wa kujitolea ni kuondoka. Anachoka, anaogopa, au mradi unaisha, basi haendi tena. Kwa mfungwa wa maisha huyo alikuwa mgeni wake wa pekee. Kumtowekea mtu namna hiyo kunaweza kumsukuma ajidhuru, na hatia yake humfuata aliyetoweka kwa miaka. Toa taarifa angalau vikao vitatu kabla. Taja tarehe ya mwisho, irudie kila kikao, mjulishe ofisa wa ustawi ili amwangalie kwa karibu wiki hiyo na inayofuata. Usiahidi kuandika kama hutaandika. Usimwachie namba.

Kwa waandishi wako, Mhariri, kuna tatizo moja la ziada ambalo mnasihi hana: mwandishi anahitaji mwisho wa hadithi. Mwandishi Mmarekani Truman Capote aliwazoea wauaji wawili wa familia moja ya Kansas, waliowaua watu wanne Novemba 1959. Aliandikiana nao kwa miaka, na kitabu chake hakikuweza kukamilika hadi ijulikane watanyongwa au la. Akawa rafiki anayengoja kamba. Walinyongwa Aprili 14, 1965, yeye akiwapo; kitabu kikatoka na kumtajirisha, naye akaishi miaka kumi na minane mingine, katikati ya pombe na vidonge, bila kumaliza riwaya nyingine. Kulitupia gereza lawama yote itakuwa kupita kiasi, alikuwa na mengine. Lakini mwandishi anayesubiri rufani ya mfungwa wake ili apate aya ya mwisho yuko palepale, kwa kipimo kidogo.

Tunachoomba kwenu kinaweza kufanyika wiki hii. Mwandishi asipangiwe mfungwa mmoja peke yake kwa zaidi ya ziara tatu bila mwenzake kwenda naye. Hukumu ichapwe na iwe mezani kwa mhariri kabla ruhusa ya gereza haijaombwa. Familia ya marehemu itafutwe kabla ya makala kuchapishwa, si baada ya kulalamika, na ikikataa kuzungumza, jina la marehemu na alivyokufa vitajwe katika aya tatu za kwanza, kwa kitenzi chenye mtendaji. Na mwandishi akirudi, apewe siku moja ya kazi nyingine, ya bei za nyanya sokoni kama hakuna kingine, kabla ya kuanza kusikiliza kanda.

Ni sisi,
Wanasihi wanaofanya kazi na wafungwa,
Mombasa